Jikoni na Shangazi: Mchuzi wa njano wa Chennai

Mwezi huu barua karibu zote ni za mapishi ya Kihindi. Sijui ni mvua au ni nini. Ya kwanza ni ndefu na jibu lake ni refu. Nyingine mbili nimezijibu huku nimesimama.

"Shangazi shikamoo. Mwaka jana nilimsindikiza mama Chennai, India, kwa matibabu ya moyo. Tulikaa wiki saba kwenye chumba cha kupanga karibu na hospitali, na mama mwenye nyumba akawa anatupikia kwa malipo kidogo: wali mweupe, mchuzi wa njano wenye vijiti ndani, supu nyembamba ya pilipili, halafu mtindi. Wiki ya kwanza mama alilia kwa kukosa ugali. Wiki ya tatu akawa anaulizia chakula kabla hakijaiva. Sasa tuko nyumbani, anaendelea vizuri, lakini kila jioni utamsikia: 'ule mchuzi wa njano'. Nimejaribu mara mbili kwa unga wa mchuzi wa pakiti, ukatoka kama maharage yaliyotiwa manjano. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ndugu wanakuja, tutakuwa kumi na wanne. Wifi zangu wawili watakuja mapema kunisaidia, na mmoja wao akiingia jikoni kwa mtu jiko linakuwa lake. Baba naye, mlo usio na nyama wala samaki kwake si mlo. Nifanyeje? – Binti wa Nyakato, Mwanza."

Marahaba mwanangu. Pole kwa safari, na mshukuru Mungu kwa mama.

Huo mchuzi wa njano unaitwa sambari, na ile supu nyembamba ni rasamu. Kabla sijakupa vipimo, nataka nikuondolee hofu moja. Unaandika kama mtu anayetafuta kitu cha ng'ambo, kumbe nusu ya chungu hicho imeota kwetu. Ile njano ni mbaazi. Ndiyo, mbaazi hizi hizi, ila zimekobolewa na kupasuliwa. Ukienda maduka ya Wahindi hapo Mwanza mjini ukasema tuva, watakuelewa. India wanazila kila siku na za kwao haziwatoshi, ndiyo maana wananunua kwetu. Mwaka 2017 serikali yao ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini, bei ya kwetu kusini ilianguka vibaya, na shemeji yangu wa Nachingwea alilala msimu mzima juu ya magunia. Kwa hiyo usishangae nikikuambia kwamba huenda mama alikuwa akilishwa mbaazi za Mtwara huko Chennai.

Vile vijiti mlivyokuwa mnavitafuna na kutema nyuzi ni matunda ya mlonge. Sisi mlonge tunaujua zaidi kwa majani yake, tunayakausha na kuyauza kwenye chupa kama dawa, halafu matunda mengi tunayaacha yakauke mtini. Tafuta machanga, ya unene wa kidole, ukate vipande vya urefu wa kidole, uparue ngozi ya nje kidogo. Ukwaju wewe wa Mwanza sina haja ya kukueleza, unaujua kwa jina la bushishi tangu utotoni. Na ule unga unaonuka vibaya kwenye kopo dogo, ambao naamini mama mwenye nyumba alikuwa akiuficha ndani ya kopo jingine, ni mvuje! Kwetu Tanga bibi alikuwa akiufunga kwenye kitambaa cheusi na kuuvalisha mkononi mwa mtoto mchanga ili kufukuza jini. Wenzetu wanautia kwenye mbaazi ili tumbo lisijae gesi. Ukiingia kwenye mafuta ya moto ule uvundo unaondoka, unabaki na harufu kama ya kitunguu kilichokaangwa taratibu.

Sasa, kwa nini wako ulitoka kama maharage? Si kwa sababu ya pakiti peke yake. Ni kwa sababu uliunga mwanzo.

Nimezaliwa Ngamiani, Tanga mjini. Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mgujarati, na sisi watoto tulikuwa tukishinda pale. Mke wa mwenye duka tulimwita Ba, kama walivyomwita wanawe. Kila siku kwenye saa kumi na moja jioni, kutoka jikoni kwake ghorofani, ilikuwa inasikika ta-ta-ta-ta kama mvua ya mawe kwenye bati, halafu chwaaa, halafu harufu inashuka ngazi. Nilipopata umri wa kumsaidia kuosha vyombo ndipo nikaiona hiyo mvua: haradali inapasuka ndani ya mafuta ya moto. Na mbaazi zilikuwa zimeshaiva kitambo, zinangoja pembeni. Sisi tunakaanga kitunguu, nyanya na bizari, ndipo tunamwaga mboga juu yake. Ba alikuwa akichemsha kwanza, akaunga mwisho kabisa, dakika ya kupakua. Gujarati na Chennai ni mbali kama Tanga na Bujumbura, na vyakula vyao havifanani, lakini hapo kwenye kuunga mwisho wanakutana.

Haya, shika kalamu. Kwa watu kumi na wanne chukua mbaazi hizo gramu 600, mchele kilo mbili, ukwaju robo kilo kwa vyakula vyote pamoja, na mboga utakazopata: mlonge, bamia, biringanya, vitunguu maji vile vidogo vya kutiwa vizima.

Ijumaa jioni kaanga viungo vikavu, bila mafuta, kwenye moto mdogo: giligilani vijiko vinne vya chakula, dengu zilizopasuliwa vijiko viwili, jira kijiko kimoja cha chai, pilipili manga kijiko kimoja cha chai, uwatu nusu kijiko cha chai, pilipili kavu sita. Anza na dengu kwa sababu zinachelewa, uwatu uwe wa mwisho kwa sababu unaungua upesi na ukiungua ni shubiri. Zikibadilika rangi na kunukia, epua, zipoe, twanga au saga. Huo ndio unga wa sambari, na pakiti yako mpe jirani.

Jumamosi osha mbaazi, loweka nusu saa, chemsha na manjano kijiko kimoja cha chai mpaka zisagike zenyewe ukizikoroga na upawa. Kwa presha kuka ni muda mfupi. Kwa sufuria ya kawaida jipe saa nzima. Usitie ukwaju hapa, hata kidogo. Uchachu unazifanya mbaazi zikaze, utachochea kuni mpaka magharibi na bado zitakugonga meno. Mboga zichemshe kwenye sufuria ya pili na maji ya ukwaju na ule unga; mlonge na biringanya zitangulie, bamia zifuate. Zikilainika mimina mbaazi zilizopondeka juu yake, ziache zichemke pamoja dakika kumi. Uzito wake uwe wa uji mwepesi, si wa kande.

Kisha ndipo unaunga, na hapa simama mwenyewe. Kikaango kidogo, mafuta vijiko vinne vya chakula. Yakipata moto sawasawa tupia punje moja ya haradali. Ikipasuka mara moja, tia zote, vijiko viwili vya chai, na mfuniko uwe mkononi kwa sababu zinaruka hadi machoni. Mlio ukipungua tia pilipili kavu mbili tatu, yale majani membamba mliyokuwa mnayasukuma pembeni ya sahani (wengine huyaita karipata, Wahindi wengi wameupanda mti wake uani, ukiomba kwa adabu hawakunyimi), na mwisho kabisa mvuje, unaoenea kwenye ncha ya kisu. Hesabu hadi tano, mimina juu ya mchuzi, funika hapo hapo ili moshi wake urudi ndani. Ukiona kimeungua na kinanuka uchungu, mwaga uanze upya. Vijiko vinne vya mafuta si hasara, sufuria nzima ya mbaazi ndiyo hasara.

Sasa baba. Kwa baba hatuhangaiki, maana Chennai iko ufukweni na wewe uko ziwani. Mpikie sangara kwa ukwaju. Kilo mbili na nusu, vipande vinene vyenye mfupa. Sato ni mtamu lakini miiba yake na watoto wa ndugu sitaki nisikie. Mchuzi wake upike Ijumaa usiku uuweke kwenye friji, maana unalala vizuri kuliko sisi. Unga haradali na uwatu kidogo kwenye mafuta, tia vitunguu viwili vikubwa, punje za kitunguu saumu nzima kichwa kimoja, nyanya nne, kaanga mpaka nyanya zipotee. Manjano, pilipili ya unga kwa kadiri ya watu wako, giligilani ya unga vijiko vitatu vya chakula, halafu maji mazito ya ukwaju. Chemsha mpaka mafuta yaelee juu. Jumamosi uchemshe tena, na samaki waingie nusu saa kabla ya kula. Wakishaingia, mwiko uwekwe mbali. Shika sufuria kwa vitambaa uitikise, usikoroge, la sivyo baba atakula supu ya nyuzi. Na msongee ugali wake, wala usione aibu: mchuzi huo na ugali wa moto vinaelewana sana.

Rasamu ni kazi ya dakika ishirini: maji ya ukwaju, nyanya mbili za kuponda, kitunguu saumu, pilipili manga na jira zilizopondwa papo hapo, na yale maji ya juu ya mbaazi ulizochemsha, chota vikombe vitatu uyatenge kabla hujaziponda. Ikianza kutoa povu, epua.

Mtindi upo, tena Mwanza mnao mzuri. Uwe wa kumalizia: wali kidogo, mtindi, chumvi chembe. Hivyo ndivyo wanavyokula wenyewe, sambari kwanza, rasamu, mwisho mtindi wa kupoza kinywa. Ukipata majani ya mgomba, yaoshe, yapitishe juu ya moto yalainike yasipasuke, pakua humo. Mama atakapoliona hilo jani tu, utajua mwenyewe.

Nije kwa wifi. Umeandika mstari mmoja tu, lakini nimeona ndiko barua ilikokuwa inaelekea. Mwanangu, usishindane naye mlangoni. Mtu anayependa kuongoza mpe kitu kizima cha kuongoza, kisiguswe na mwingine: mpe samaki wa baba. Mwambie, "Wifi, sangara ni wako, mimi siwawezi." Atatulia, kwa sababu ni sufuria inayoonekana, yenye harufu, na mkwe wake ndiye atakayeila. Akija na mchemraba wake wa supu mkobani, na atakuja nao, mwache, ila usiusogeze karibu na sambari. Wifi wa pili mpe ukwaju, kuchuja mbegu na nyuzi, na mboga. Wali apewe mama mdogo au yeyote mwenye mkono usiotetemeka. Wanaume waburute viti, wapasue kuni, wakae mbali.

Chumvi iwe ya mtu mmoja. Hili nimelilipia. Idd moja, nikiwa bado nakaa Magomeni, nilipika dengu za watu ishirini. Nikatia chumvi nikaenda kuoga. Dada yangu alipita akaonja, akaona haijakolea, akaongeza. Binamu akapita akaonja, akaongeza. Nilirudi nikiwa nimejipamba, nikaonja, ulimi ukagoma. Tuliongeza maji, tukaongeza viazi, tukaongeza nyanya, ikawa sufuria mbili za kitu kisicholika badala ya moja, na wageni wakala pilau kavu na kachumbari. Mpaka leo hakuna aliyekiri zaidi ya kijiko kimoja.

Na mama? Usimweke sebuleni na wageni kama picha. Mwekee kigoda mlangoni mwa jiko, pasipo moshi, awe ndiye wa kuonja. Hao wengine wote hawajui mchuzi ule ulikuwaje, ni wewe na yeye tu mliokula wiki saba, na yeye ndiye anayeuona kichwani kila jioni. Akisema "bado uchachu," ongeza ukwaju bila ubishi. Ila kama daktari wake amempunguzia chumvi au mafuta, na kwa wagonjwa wa moyo ni kawaida, chota bakuli lake kabla ya kutia chumvi na uliunge kwa mafuta kidogo peke yake. Ladha ya mvuje na haradali itamfikia vile vile.

Jambo la mwisho, fanya jaribio la watu wanne katikati ya wiki. Haradali inahitaji mkono uzoee, na hutaki kuzoea mbele ya wifi.

"Shangazi, toleo lililopita uliandika kuwa kuku wa kupaka ni chakula cha Wahindi. Watu wa Mombasa tumekereka. Rekebisha. – Mzee wa Kibokoni."

Mzee wangu, shikamoo, nakubali nusu. Nilikila kwanza kwa majirani zangu Wahindi wa Kikhoja, wao wakakiita kuku paka, na mimi nikaandika nilivyoonjeshwa. Lakini jina ni la Kiswahili, halihitaji mkalimani: unachoma kuku kwenye mkaa, unampaka tui. Nusu nyingine siiachii. Kile chungu cha majirani kilikuwa na jira na giligilani nyingi kuliko cha kwenu, na mayai ya kuchemsha juu, na kilikuwa kitamu. Mkinialika Kibokoni nitakuja kulinganisha.

"Shangazi, nimeoa miezi minne. Nataka siku moja mke wangu arudi kazini akute nimempikia zile chapati nyembamba za Kihindi zinazovimba kama puto. Zangu zinatoka ngumu, unaweza kuzipiga ngoma. – Kijana wa Dodoma."

Nimekupenda bure. Kosa lako nalijua bila kuliona: unakanda unga mgumu, halafu unauacha kwenye chuma mpaka ukauke. Nunua ata, yaani unga wa ngano usiokobolewa, uliosagwa laini. Kanda kwa maji ya uvuguvugu mpaka uwe laini kama ndewe ya sikio, funika kwa kitambaa kibichi nusu saa. Sukuma nyembamba na sawasawa, ukingo usiwe mnene kuliko katikati. Chuma kiwe cha moto kweli. Upande wa kwanza ni wa muda mfupi, mpaka uone vijipele vidogo. Geuza, upande wa pili ukae zaidi kidogo. Kisha ichukue kwa koleo uiweke juu ya moto wenyewe, gesi au mkaa usio na moshi. Mvuke ulioshikwa ndani ndio unaoivimbisha, kwa hiyo ikiwa na tundu dogo au ukunjo, mvuke unatoka na huoni kitu. Ipake samli, ifunge kwenye kitambaa na wenzake.

Ya kwanza karibu kila siku haivimbi, hata kwa wenyewe. Hiyo ile pale pale jikoni, na chai, kabla hajafika.